Vim inapofagia nyumba kabla ya kuhama

Wengi wetu tunaoandika msimbo huifungua Vim asubuhi na kuiacha wazi wiki nzima. Programu ya aina hii ndiyo huumbuliwa na kuvuja kwa memori. Kila ikihitaji nafasi huiomba kwa malloc, na ikimaliza inapaswa kuirudisha kwa free. Ikipoteza anwani kabla ya kurudisha, basi, nafasi hiyo haina mwenyewe tena mpaka programu ifungwe. Memori ikivuja kila unapotafuta neno, saa ya kwanza huoni kitu. Mvujo ukiwa mkubwa, baada ya siku kadhaa tarakilishi inaweza kukokota miguu.

Bram Moolenaar, Mholanzi, aliisambaza Vim kwa umma mwaka 1991, kwenye diski namba 591 ya mkusanyiko wa Fred Fish. (Miaka michache baadaye aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, kama mhandisi wa maji na usafi. Ndiyo maana Vim huomba msaada kwa watoto wa huko.) Mashine yenyewe ilikuwa Amiga, nayo haikuwa na huruma: programu ikifa bila kurudisha memori, mfumo haukuichukua. Ilibaki imepotea mpaka uwashe upya. Unix hufagia kila kitu programu inapokufa, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kusafisha mwishoni.

Raha hiyo ndiyo ikaleta taabu. Kifaa cha kutafuta mivujo hukagua mwishoni, na Vim ikitoka bado imeshikilia maelfu ya vipande: matini ya mafaili, ramani za vibonye, historia ya amri. Kipi kimepotea kweli na kipi kilikuwa bado kazini? Purify ilikuwapo, lakini ya kulipia. Ccmalloc ilikuwa ya bure, ila maelezo ndani ya Makefile ya Vim yanalalamika kwamba ilihesabu hata memori iliyoshikwa na vigeu vya jumla kuwa imevuja.

Mwaka 2002 Julian Seward, yule wa bzip2, alitoa Valgrind: programu huria ya Linux. Huendesha programu yako polepole mno, mara kumi au zaidi, ikifuatilia kila kipande. Mwishoni hutenganisha kilichopotea na kile ambacho bado kina anwani inayokielekea. Hapo bado pana mwanya. Orodha inayokua milele bila kutumiwa na yeyote ina anwani, kwa hiyo hupita kama mtu mwema.

Dawa ya Vim naipenda kwa sababu mtumiaji wa kawaida hapati faida yoyote kutoka kwake. Ukiijenga na EXITFREE, kabla ya kutoka huita free_all_mem, ambayo hufuta menyu, amri, rejista, bafa, kila kitu. Ni upotevu mtupu wa muda, ila baada ya kufagia hivyo, chochote Valgrind inachokikuta sakafuni kina maswali ya kujibu.

Kisha Mei 2006 likaja toleo 7.0, lenye orodha na kamusi katika lugha ya skripti. Kila kimoja huhesabu wanaokirejelea, na hesabu ikifika sifuri hufutwa. Lakini orodha A ikiwa ndani ya B, na B ndani ya A, hesabu haifiki sifuri kamwe. Vim ikapewa mkusanya taka: huweka alama kwenye vyote vinavyofikika kutoka kwenye vigeu, halafu hufuta visivyo na alama. Huifanya kazi hiyo wewe ukiwa umetulia bila kubonyeza kitu.

Mkusanya taka naye alikuja na wadudu wake. Kiraka 7.0.135 kilirekebisha kuanguka kwa Vim ilipofuta orodha zenye mzunguko, na papo hapo kikaziba mvujo: kamusi fulani hazikuwa zimeandikishwa kwenye daftari la kamusi, hivyo mfagizi alizipita bila kuziona.

Bram alifariki Agosti 2023. Free_all_mem bado imo, katika alloc.c. Ukitaka kuijaribu, fungua src/Makefile, ondoa alama ya reli mbele ya mstari wa LEAK_CFLAGS wenye -DEXITFREE, ujenge upya, kisha uiendeshe ndani ya Valgrind. Chai iwe karibu, itachukua muda.