Wafiadini wa Rumonge: Mateso, Saburi na Wokovu Kando ya Tanganyika

Misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Burundi ilijengwa Rumonge mwaka 1879, na haikutimiza miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, wa shirika la Mapadre Weupe lililoanzishwa na Lavigerie, waliuawa pamoja na msaidizi wao mlei, D'Hoop. Ugomvi ulihusu mtoto aliyelelewa misheni, ambaye watu wa Bikari, mkuu wa pale, walimdai.

Wanaosimulia habari hii hupenda kuongeza usemi wa Tertuliano, kwamba damu ya wafiadini ni mbegu. Mimi nauliza mbegu hiyo iliota wapi. Kituo kiliachwa. Misheni iliyodumu ilianza Muyaga mwaka 1898, mashariki, mbali kabisa na ziwa. Miaka 17 ilipita.

Naona usemi huo unatupotosha kidogo. Paulo akiwaandikia Warumi anaanza na dhiki, anafika kwenye saburi, kisha kwenye tumaini. Lakini hasemi kwamba dhiki yenyewe inaokoa. Katika imani ya Kikristo, anayeokoa ni Kristo, na saburi ni namna ya mtu kubaki ndani ya wokovu huo. Tofauti hii si ya darasani tu. Kwetu mateso yamekuwa mengi, na wengi hawakuyachagua.

Walioyachagua wapo. Tarehe 30 Aprili 1997, kwenye seminari ndogo ya Buta, milimani Bururi, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Vijana 40 waliuawa. Kanisa kwa desturi huuliza kama muuaji aliua kwa kuichukia imani. Wauaji wa Buta walikuwa vitani, kama vile watu wa Bikari walivyokuwa wakidai mtoto. Lakini kesi ya vijana hao, iliyofunguliwa mwaka 2019, inawaita wafiadini wa udugu. Hapo kinachopimwa zaidi ni kwa nini waliouawa walisimama pamoja. Kwa kipimo hicho Buta inazungumza wazi kuliko Rumonge ya 1881.

Wa 1972 tuwaweke wapi? Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac na kuua Watutsi. Kisha serikali ya Micombero ikaua Wahutu kwa maelfu mengi nchi nzima. Wengi wa pwani hii walikimbilia Tanzania. Waliporudi, wengine baada ya zaidi ya miaka 30, walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, na baadhi yao walikuwa wamepewa na serikali. Kumwambia mtu huyo avumilie ni rahisi, hasa kwa asiyedai shamba.

Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, iliongozwa na mapadre. Chini ya Padre Astère Kana, aliyerudi na aliyekuwepo walihimizwa kugawana shamba. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, kuanzia 2011, tume ilielekea kulirudisha lote kwa aliyekimbia. Wote wawili walisoma Injili ileile, na Rumonge ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye kesi nyingi zaidi.