Hewa, Mabonge na Mapovu: Historia ya Mashine ya Moyo na Mapafu

Aprili 1951, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, daktari Clarence Dennis alimpasua moyo mtoto wa miaka 6 huku damu yake ikizungushwa na mashine. Binadamu alikuwa hajawahi kufanyiwa hivyo. Mtoto alifariki. Muda mfupi baadaye Dennis na wenzake walijaribu tena kwa mgonjwa wa pili. Safari hii hodhi la damu lilikauka pasipo mwendesha mashine kutambua, pampu ikaendelea kuzunguka, na hewa ikasukumwa ndani ya mishipa. Mgonjwa huyo naye akafa.

Pampu yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa inasukuma chochote kilichoifikia, iwe damu au hewa, na hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii mpaka leo. Moyo wa kuzaliwa nao hauwezi kuvuta hewa kutoka tangini, wala damu haigandi kirahisi inapogusa kuta zake. Mashine inayoushikia zamu huja na hatari zake yenyewe, na vifaa vingi vilivyofungwa juu yake hivi leo viliwekwa pale baada ya mtu kufa au kuponea chupuchupu.

Hatari ya kwanza kujulikana ilikuwa kuganda kwa damu. Damu ikishagusa chuma, kioo au plastiki, huanza kufanya mabonge. Mwaka 1916, Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari kwenye maabara ya William Howell mjini Baltimore, alikutana na kitu kilichozuia damu isigande, naye wala hakuwa akikitafuta. Kutokana na kazi ya maabara hiyo ikapatikana heparini, na katika miaka ya 1930 watafiti wa Toronto wakaisafisha hadi ikafaa kuchomwa kwa binadamu. Bila dawa hiyo, mashine ya moyo ingebaki ndoto.

Aliyeiota ndoto hiyo kwa muda mrefu kuliko wengi ni John Gibbon. Mapema miaka ya 1930, akiwa daktari kijana mjini Boston, alikesha kando ya mama mmoja aliyezibwa mshipa wa mapafu na bonge la damu. Mama huyo alipasuliwa, hakupona. Gibbon akaanza kutafuta njia ya kuipeleka damu nje ya mwili, kuipa oksijeni na kuirudisha. Alifanya majaribio kwa paka pamoja na mkewe Mary, ambaye mara nyingi husahauliwa ingawa alikuwa mtaalamu wa maabara na mshirika wake kamili. Mwaka 1935 waliweza kumweka paka hai kwa mashine peke yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya IBM iliwasaidia kwa wahandisi na fedha.

Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Gibbon aliziba tundu kwenye moyo wa msichana wa miaka 18. Kwa dakika 26 moyo na mapafu yake vilipumzishwa kabisa. Heparini haikutosha, nyuzi za damu iliyoganda zikaanza kuziba wavu ambamo damu ilikuwa ikipokea oksijeni, na timu ikalazimika kuharakisha. Msichana alipona. Miezi miwili baadaye, wasichana wawili wa miaka 5 walifariki baada ya upasuaji wa namna hiyo. Gibbon aliweka kisu chini, na hakupasua tena moyo kwa mashine aliyoitafuta kwa zaidi ya miaka 20.

Huko Minneapolis, kwenye Chuo Kikuu kilekile cha Minnesota, ilichukuliwa njia nyingine, ya kuogopesha zaidi. Tarehe 26 Machi 1954, daktari Walton Lillehei aliunganisha mishipa ya mtoto mchanga na ya baba yake, moyo wa baba ukawa ndiyo pampu. Watoto wapatao 45 walipasuliwa hivyo, na wengi wao walitoka hospitali wakiwa hai. Wakosoaji walisema huu ndio upasuaji pekee unaoweza kuua watu wawili kwa mpigo. Hakuna mzazi aliyekufa, lakini mama mmoja aliingiwa na hewa mishipani na ubongo wake ukaharibika.

Hapo ndipo daktari kijana wa timu ya Lillehei, Richard DeWall, alipokabidhiwa tatizo la mapovu. Kupitisha oksijeni kwa viputo ndani ya damu ni njia rahisi ya kuipa hewa safi, ila viputo hivyo vikifika ubongoni huua. DeWall alichukua mirija ya plastiki iliyotumika viwandani kusafirishia mayonezi, akapaka dawa ya silikoni inayovunja povu, kisha akaizungusha damu katika mrija uliojikunja kama chemchemi ya kitanda. Damu yenye viputo ni nyepesi, hubaki juu. Isiyo na viputo ni nzito, hushuka. Mashine ilianza kazi Mei 1955, na ilikuwa rahisi mno kiasi kwamba hospitali nyingi ziliweza kuiga.

Wakati huohuo mjini Rochester, jimbo hilohilo la Minnesota, John Kirklin wa Kliniki ya Mayo alikuwa ameanza Machi 1955 kutumia mashine ya Gibbon iliyoboreshwa. Aliazimia mapema kupasua wagonjwa 8 hata kama wa kwanza wangekufa wote. Wanne walipona. Kuendelea na hesabu kama hiyo kulihitaji moyo mgumu, na ujasiri mkubwa zaidi ulikuwa wa wazazi waliowatoa watoto wao.

Tatizo jingine lilizaliwa na mafanikio. Uzi wa kushonea tundu la moyo ulipita karibu na njia ya umeme wa moyo, na baadhi ya watoto walitoka kwenye mashine wakiwa na mapigo machache mno. Mwaka 1957 timu ya Lillehei ilianza kuchochea moyo kwa waya uliounganishwa na umeme wa ukutani. Oktoba mwaka huo umeme ukakatika Minneapolis, na Lillehei akamwomba fundi Earl Bakken atengeneze kifaa kidogo cha betri. Betri ya moyo inayobebwa na mgonjwa ilianzia hapo.

Hewa haikuacha kutisha. Mwaka 1980 madaktari Mills na Ochsner wa New Orleans waliandika hatua za kufuata hewa nyingi inapoingia: simamisha pampu, bana mirija, inamisha kitanda ili kichwa kiwe chini, kisha sukuma damu kinyume kupitia mshipa mkubwa wa juu ili hewa itoke ubongoni. Leo vitambuzi vya viputo na vya kina cha damu hupiga kengele na kuzima pampu, na mkono wa kuizungusha umeme ukikatika hukaa karibu.

Heparini nayo ina deni lake. Upasuaji ukiisha huzimwa kwa protamini, dawa iliyotolewa awali kwenye mbegu za kiume za samaki, na kwa baadhi ya wagonjwa dawa hiyo hushusha shinikizo la damu ghafla. Kwa hiyo, kote inakofanyika kazi hii, hata kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, mashine haipaswi kufunguliwa mara tu moyo unapoanza kudunda. Hubaki imejaa, ili mgonjwa akizidiwa apewe tena heparini na kurudishwa kwenye pampu.