Dawa ya kulaza mtoto, matatu ya asubuhi, na makosa ya tangu 1869

Mwaka jana nilipanda matatu kutoka Kitengela kwenda town, mpwa wangu mikononi. Ana miaka miwili na bado hasemi hata "mama". Tulikuwa tunampeleka kupimwa masikio. Siku iliyotangulia, dadangu alipewa kichupa cha dawa ya maji na maelezo ya sekunde kumi: "Mama, mpatie saa kumi na moja asubuhi, mkifika huku atakuwa amelala." Basi akampa. Mtoto akatema nusu, juu hiyo kitu ni chungu ajabu, halafu ile nusu nyingine ikamlaza hata kabla ya Mlolongo.

Sasa sikizeni. Kuna kulala na kuna kulala. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na alikuwa anakoroma kaa mzee. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniambia, "Kijana, inua huyo mtoto kichwa." Nikainua na koroma ikaisha. Nikakaa hivyo hadi town, mkono umekufa ganzi, bila kujua kwamba huyo mama alikuwa amenifundisha kitu ambacho madaktari walikijua kwa gharama kubwa sana.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitolee ule mdomo wa "wewe ni daktari?" Mimi si daktari. Mimi husoma historia usiku wakati watu wanalala. Na baada ya hiyo safari nilitaka kujua nani alianzisha hii mambo ya kupatia watoto dawa za usingizi ndio wapimwe.

Hadithi inaanzia Ujerumani. Mwaka 1832 mkemia Justus von Liebig alipitisha gesi ya klorini kwenye kileo akapata kitu kinaitwa klorali. Hakuwa anatafuta dawa, na ikakaa kwenye rafu miaka 37. Halafu 1869, huko Berlin, Oscar Liebreich akaja na wazo. Alijua klorali ikichanganywa na magadi kwenye chupa inageuka kuwa klorofomu. Damu nayo ina ukali kidogo wa aina hiyo. Kwa hivyo, akawaza, mtu akinywa klorali itageuka klorofomu pole pole ndani ya damu na atalala vizuri.

Watu walilala. Lakini hesabu ilikuwa mbaya. Mwili hautengenezi klorofomu hapo, unatengeneza kitu kingine, trikloroethanoli, na hicho ndicho kinachomlaza mtu. Yaani dawa ya kwanza ya usingizi iliyotengenezwa maabara iliingia duniani kwa sababu ya kosa, na ikafanya kazi hata hivyo. Na si kwamba klorofomu yenyewe ilikuwa na sifa safi. Mwaka 1848 msichana wa miaka 15 huko Uingereza, Hannah Greener, aliwekewa klorofomu ang'olewe ukucha wa mguu, na akafa palepale kwa dakika chache.

Klorali ikasambaa kaa moto wa nyasi. Mwaka 1893 ikamuua John Tyndall, yule mwanafizikia aliyesaidia kueleza kwa nini anga ni ya samawati. Alikuwa anatumia klorali kwa kukosa usingizi na dawa nyingine ya tumbo. Mke wake akachanganya chupa, akampa klorali nyingi. Kinachonichoma ni kwamba Tyndall aliandika kitabu kizima kuhusu sauti. Na huko Chicago, mwenye baa mmoja aliitwa Mickey Finn alishtakiwa mwaka 1903 kwa kuwawekea wateja kitu kwenye kinywaji halafu kuwaibia. Inaaminika ilikuwa klorali. Wanairobi, hiyo tunaijua: ni mchele. Dawa ambayo ingekuja kulaza watoto hospitalini ilikuwa imeshafanya kazi ya mchele.

Masikio yanaingia wapi? Kitambo hakukuwa na haja ya kulaza mtoto. Mwaka 1944, huko Manchester, Irene na Alexander Ewing walieleza kipimo cha kumkalisha mtoto mapajani kwa mamake, mmoja anamchezesha mbele, mwingine anatoa sauti nyuma, wanaangalia kaa atageuka. Ni kipimo kizuri. Shida ni kwamba mtoto mjanja anaona kivuli anageuka, na kale kadogo sana hakageuki kabisa.

Mapema miaka ya 1970, Don Jewett na wenzake huko California wakaonyesha kwamba unaweza kubandika elektrodi kwenye ngozi ya kichwa na kusikia shina la ubongo likijibu sauti. Mwaka 1974 Kurt Hecox na Robert Galambos wakaonyesha inafanya kazi kwa watoto wachanga. Huhitaji mtoto akuambie chochote. Hicho ndicho kipimo huku kwetu wanakiita BERA.

Lakini jibu la ubongo hapo ni dogo mno, chini ya mikrovolti moja. Mtoto akikunja uso tu, umeme wa misuli unalifunika. Mashine inarudia mlio maelfu ya mara ndio ipate wastani, na muda wote huo mtoto lazima atulie kabisa. Wa miezi mitatu ni rahisi: mnyime usingizi kidogo, mnyonyeshe hapo hapo, atalala mwenyewe. Wa miaka miwili? Bahati yako. Hapo ndipo klorali ilirudi. Haina sindano, na haiharibu yale mawimbi ambayo mashine inayatafuta.

Kwa hivyo tatizo halikuwa kwamba madaktari ni wajinga. Ilikuwa inafanya kazi mara nyingi sana, na kitu kinachofanya kazi mara nyingi kinazoeleka. Mtu anaanza kusema, "mpatie tu nyumbani."

Baada ya watoto kufa kwenye viti vya madaktari wa meno huko California, chama cha madaktari wa watoto Marekani kilitoa mwongozo mwaka 1985. Mwaka 2000 daktari Charles Coté na wenzake wakachapisha uchambuzi wa visa 95 vya watoto waliopata madhara baada ya kulazwa kwa dawa. 51 walikufa. Na kuna waliopatwa nyumbani au ndani ya gari. Mtoto amekaa kitini, kichwa kinaanguka mbele, njia ya hewa inajikunja, na dereva anadhani amelala vizuri. Kumbukeni klorali inakaa mwilini masaa mengi, na kwa mtoto mdogo hata zaidi. Kipimo kinaisha, dawa haijaisha.

Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje.

Kinachotakiwa si teknolojia ya mwezini. Dawa inatolewa hospitalini. Mtoto awe hajala kwa masaa waliyokwambia, asije akatapika akiwa amelala. Awepo mtu ambaye kazi yake ni kumwangalia mtoto, si mashine ya masikio. Kidoleni kile kikamata chenye taa nyekundu, oksimita, kilichobuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka hiyo hiyo ya 1970. Na mtoto haendi nyumbani mpaka aamke kweli kweli. Siku hizi kuna hospitali zinatumia deksimedetomidini, inapulizwa puani, lakini masharti ni yale yale.

Ile siku yetu mtoto aliamka kabla ya kuitwa, akalia, kipimo hakikufanyika. Pesa hawakurudisha.

Mara ya pili tulienda kwingine. Dadangu, ambaye hupenda kunyamaza mbele ya daktari, aliuliza maswali manne mfululizo, na nesi akamjibu yote bila kununa. Mpwa wangu anasikia kidogo sana masikio yote mawili. Sasa ana vifaa vya masikio, na kila jioni anavivua anavitumbukiza kwenye uji.

Kwenu walisema mpe dawa nyumbani ama hapo hospitalini? Niandikieni hapo chini.