Kutoka Shimo la Changarawe hadi Bwawa: Historia na Upangaji wa Urejeshaji wa Ardhi katika Ukanda wa Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Historia ya miundombinu nchini Tanzania mara nyingi huandikwa kwa kufuata reli na barabara zenyewe. Ardhi iliyochimbwa ili kuzijenga hutajwa kwa nadra. Insha hii inaichunguza ardhi hiyo katika ukanda wa Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, kwa kuulinganisha ukanda huo na machimbo ya Bamburi, Mombasa. Hoja kuu ni kwamba shimo la changarawe huwa bwawa lenye manufaa pale tu mwenye dhamana nalo anapojulikana kabla ya uchimbaji kuanza, na akaendelea kuwajibika baada ya mkandarasi kuondoka. Utaalamu wa kulaza kingo na kupanda miti ni wa lazima, lakini peke yake hautoshi.

Miundombinu na Mashimo Yake

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ilikuwa miongoni mwa stesheni zake. Katika miaka ya 1960 tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu. Barabara ya Morogoro hadi Iringa nayo ilipita katika tambarare za Mkata, na leo inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa takribani kilomita 50. Hatimaye reli ya kisasa ilipita Kilosa, na safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024.

Kila mradi wa namna hii huhitaji kifusi cha tuta, changarawe na kokoto. Kwa kuwa kusafirisha mawe na udongo ni gharama kubwa, mjenzi hutafuta mali hiyo karibu na kazi. Shimo linalobaki hujaa maji kwa njia mbili: ama uchimbaji umefikia maji ya ardhini, ama mvua imetuama juu ya udongo usiopitisha maji. Njia ya pili ni rahisi katika tambarare za Mkata, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji kwa muda mrefu. Bwawa la namna hiyo hutokea bila mtu kulikusudia, na mara nyingi bila mtu kukabidhiwa.

Funzo la Bamburi

Mfano unaofahamika zaidi wa urejeshaji wa machimbo katika Afrika Mashariki uko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji huko mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini yenye chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuirejesha ardhi hiyo. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni tatu tu zilizostawi, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake yaliyoanguka hayakuoza kwa urahisi mpaka walipoletwa jongoo, ambao waliyala na kuyageuza kuwa mboji. Baadaye yaliongezwa mabwawa ya samaki na wanyama, na mwaka 1984 eneo hilo lilifunguliwa kwa umma.

Sifa ya Bamburi huelekezwa kwa mvinje na jongoo. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, jambo la msingi zaidi ni kwamba aliyechimba hakuondoka. Kampuni ilibaki na ardhi, fedha na wataalamu mahali pamoja, hivyo iliweza kujaribu, kukosea na kurudia kwa miaka mingi. Katika ukanda wa Kilosa na Mikumi, mchimbaji hufuata mradi. Tuta likikamilika, mitambo huhamia kwingine.

Maji, Mifugo na Mafuriko Kilosa

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Kilosa kwa sababu maji na malisho ni suala la uhai. Tarehe 8 Desemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji ulisababisha vifo vya watu 38 huko Rudewa Mbuyuni. Mahali penye historia hiyo, bwawa jipya lisilo na utaratibu si neema tupu. Wakati wa kiangazi huvuta mifugo, na mifugo hupita mashambani kulifikia. Kingo zilizosimama wima huhatarisha watoto, na maji yaliyotuama hulea mbu na konokono wanaoeneza kichocho. Ndani ya hifadhi, maji yaliyo kando ya barabara huwavuta wanyama kwenye njia ya magari.

Mto Mkondoa unaongeza tatizo jingine. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yalivunja kingo zake, yakawaacha maelfu ya watu bila makazi na kukata reli. Shimo lililochimbwa karibu mno na mto wa namna hiyo linaweza kumezwa na mkondo na kugeuza njia ya maji kuelekea makazi.

Kupanga Kabla ya Kuchimba

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira; na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaratibu matumizi ya maji kwa vibali. Ugumu ni kwamba shimo moja hupitia sheria hizi zote kwa zamu: lilikuwa ardhi, likawa machimbo, sasa ni maji.

Kwa hiyo mpango unapaswa kueleza mambo manne kabla ya koleo la kwanza: udongo wa juu utahifadhiwa wapi, kingo zitalazwa kwa mteremko gani, mifugo itapita wapi kufika majini, na nani atakabidhiwa bwawa, pamoja na fedha za kulitunza.

Hitimisho

Kiswahili kinatofautisha shimo na lambo. Lambo lina kazi, lina watumiaji na lina taratibu. Shimo ni alama ya kilichoondolewa. Historia iliyojadiliwa hapa inaonesha kuwa maji peke yake hayaligeuzi shimo kuwa lambo. Kinacholigeuza ni makabidhiano, na makabidhiano hayo huwa magumu zaidi mkandarasi akishaondoka.