Namba ya Foleni

Rubani kijana wa Marekani akishakusanya saa za kuruka zinazotakiwa, hupeleka maombi kwenye mashirika ambayo abiria wengi hawayajui hata kwa jina: SkyWest, Republic, Endeavor, Piedmont, Envoy, PSA. Ndege zao zimepakwa rangi za Delta, United au American. Tiketi nayo inasema hivyo hivyo, na mhudumu akikukaribisha ndani anataja jina hilo hilo kubwa. Lakini waliokaa mbele nyuma ya mlango uliofungwa wameajiriwa na kampuni nyingine, iliyokodiwa kuwatoa watu kwenye miji midogo na kuwafikisha kwenye viwanja vikubwa. Yanaitwa mashirika ya kanda. Anayeota kuendesha ndege kubwa ya kwenda Tokyo mara nyingi huanzia huko, na lazima kwanza aamue aanzie lipi.

Ukisikiliza marubani wakilijadili jambo hili utadhani ni mshahara na kituo cha kazi tu. Mambo hayo yapo, lakini kinachowanyima usingizi ni namba.

Siku ya kuajiriwa, rubani huingizwa kwenye orodha ya ukongwe ya shirika lake na kupewa namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua ataendesha ndege gani, ataishi kituo gani, atakuwa kapteni lini, Krismasi atakula wapi, na nani atapunguzwa kwanza mambo yakiharibika. Orodha ni ya shirika hilo peke yake. Kapteni wa miaka 20 akihamia kwingine anaanzia mkiani, kwenye kiti cha rubani msaidizi, kwa mshahara wa mwaka wa kwanza, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Vyama vya marubani viliutetea utaratibu huu ili wakubwa wasigawe vyeo kwa upendeleo, na kwa hilo umesaidia sana. Ila umemfunga rubani kwa kamba ambayo mhasibu au daktari haijui. Hao wakichoshwa na mwajiri huondoka na uzoefu wao. Rubani huondoka na saa alizoruka, foleni anaiacha pale pale.

Uamuzi huu haukuwa mzito hivi tangu mwanzo. Mwaka 1967 shirika la Allegheny lilikuwa na njia zisizolipa, likampa mwenye ndege ndogo wa Hagerstown, Maryland, kampuni ya Henson, aruke kwa jina la Allegheny. Ilikuwa biashara ya panga boi na safari fupi. Kisha, Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyoiondolea serikali mamlaka ya kupanga nauli na njia. Makampuni makubwa yakaanza kukusanya abiria kwenye viwanja vichache vikuu, na ili viwanja hivyo vijae yalihitaji mtu wa kuwaleta watu kutoka vijijini, kama daladala zinavyojaza stendi ya mabasi ya mikoani. Katika miaka ya 1980 karibu kila shirika dogo lilijikuta likiruka kwa jina la mkubwa fulani.

Mwaka 1993 Comair ya Cincinnati ikawa ya kwanza Marekani kutumia ndege ya jeti ya Canada yenye viti 50, CRJ, na mambo yakabadilika. Jeti ndogo ilikwenda mbali na haraka. Marubani wa mashirika makubwa waliona hatari mapema: kazi yao inaweza kuhamishiwa kwa watu wanaolipwa kidogo. Wakaweka kwenye mikataba yao vifungu vya kuzuia mwajiri asimpe mdogo ndege yenye viti zaidi ya idadi fulani. Mwanzoni ilikuwa 50 kwa wengi, baadaye 70, kisha 76. Ukitaka kujua kwa nini ndege za kanda Marekani zina ukubwa uleule, usiwaulize wahandisi.

Kwa kijana wa miaka hiyo, Comair lilikuwa chaguo la mtu mwenye akili. Lilikuwa linakua, lilikuwa na jeti mpya, na Delta ikalinunua. Machi 2001 marubani wake waligoma, wakakaa nje siku 89, na waliporudi walikuwa na mkataba ulio bora kuliko ya wengi wa aina yao. Hapo ndipo biashara hii ilipoonyesha inavyofanya kazi.

Shirika la kanda huwa rahisi kwa sababu marubani wake wote ni wageni. Likipata zabuni linakua, linaajiri, na kijana anakuwa kapteni haraka. Miaka 10 baadaye watu walewale wamepanda ngazi, wako juu ya viwango vya mshahara, na shirika limekuwa ghali. Mkubwa anatazama pembeni, anaona kampuni changa yenye wageni watupu, anaipa ndege. Kijana anayesifiwa kwa kuchagua shirika linalokua, basi, amechagua shirika ambalo zamu yake ya kuwa ghali bado haijafika. Sijaona namna ya kulitazama jambo hili ambayo inalipunguzia ukatili, hata ukikubali kwamba nauli za chini ziliwasafirisha watu wengi.

Delta na Comair ziliingia kwenye ufilisi Septemba 2005. Ndege zikapungua mwaka hadi mwaka, na Septemba 2012 Comair ikafungwa. Aliyeingia mwaka 1999 akiwa na miaka 27 alikuwa na 40 orodha ilipofutwa. Atlantic Coast nayo ilikataa masharti mapya ya United, ikajiita Independence Air mwaka 2004 na kuruka kwa jina lake mwenyewe. Ujasiri huo ulidumu mpaka Januari 2006.

Hadi hapo waliokuwa wakilipia mchezo huu ni marubani. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark kwenda Buffalo iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Walikufa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Tiketi zao zilisema Continental. Ndege ilikuwa Q400, aina ileile yenye panga boi mbili inayotua Dodoma ikiwa na rangi za Air Tanzania na Kisumu ikiwa na za Jambojet, na ndege yenyewe haikuwa na kasoro. Wachunguzi walikuta kwamba kapteni aliitikia vibaya onyo la mwendo kupungua mno. Lakini walipofuatilia siku ya wale wawili, taifa likaanza kuielewa kazi hii. Rubani msaidizi, wa miaka 24, aliishi na wazazi wake karibu na Seattle kwa kuwa maisha ya karibu na Newark yalimshinda. Usiku wa kuamkia siku ile alivuka nchi nzima kama abiria kwenye ndege za mizigo ili afike kazini. Kwenye kikao cha uchunguzi mshahara wake ulitajwa kuwa dola 16,000 hivi kwa mwaka; baadaye kampuni ikasema wa cheo chake walipata kama 24,000.

Familia za marehemu hazikuondoka Washington mpaka sheria ilipopita Agosti 2010. Tangu hapo tovuti za tiketi lazima zimtaje anayeendesha ndege hasa. Na kuanzia 2013 rubani msaidizi, ambaye zamani angeweza kuajiriwa akiwa na saa 250, anatakiwa awe na 1,500, isipokuwa waliopitia jeshini au vyuo fulani. Watu bado wanabishana kama saa hizo zinaongeza usalama, kwa sababu wote wawili wa Colgan walikuwa nazo zaidi ya 1,500. Kisichobishaniwa ni kwamba mlango ulikuwa mwembamba zaidi, na makampuni yaliyozoea kuchagua watu yakaanza kuchaguliwa.

Hata hivyo kamari ya namba iliendelea. Mwaka 2020, safari zilipokatika kwa sababu ya Uviko, Trans States na Compass zilifungwa. Julai mwaka huohuo United ilikuwa na washirika wawili wa aina moja ya ndege ya viti 50, ExpressJet na CommutAir, ikaamua kubaki na mmoja. Ikamchagua CommutAir, aliyekuwa mdogo zaidi. Septemba 30 ExpressJet ikaacha kuruka. Marubani wake hawakuwa wamekosea lolote angani.

Safari ziliporudi, watu walikuwa hawatoshi. Machi 2022 SkyWest ilitoa taarifa kwamba itaacha kuhudumia miji midogo 29 kwa kukosa marubani. Miezi mitatu baadaye Piedmont, Envoy na PSA, zote mali ya American, zikatangaza kwamba rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza atalipwa karibu dola 90 kwa saa, kazi ambayo miaka minane nyuma mashirika mengi yaliilipa chini ya 25. Sehemu ya nyongeza hiyo ilikuwa ya muda, mpaka mwisho wa Agosti 2024. Kijana aliyepokea barua ya kazi kiangazi kile alikuwa na miaka miwili na ushei ya kupiga hesabu: je, tarehe hiyo ikifika, atakuwa bado hapo, au atakuwa ameshapata namba kwa mkubwa?