Futuhi za Kale Zilivyopata Makao Sekondari

Mwishoni mwa Machi 1999 filamu ya vijana iitwayo 10 Things I Hate About You ilianza kuonyeshwa Marekani. Waandishi wake, Karen McCullah Lutz na Kirsten Smith, walichukua The Taming of the Shrew, futuhi ambayo William Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1590, wakaihamishia katika sekondari moja ya jiji la Seattle. Shule wakaipa jina la Padua, mji wa Italia ambako tamthilia inatokea. Familia yenye mabinti wawili wakaiita Stratford, kwa kuukumbuka mji alikozaliwa Shakespeare, na kijana anayemwandama dada mkubwa, aliyeigizwa na Heath Ledger, akaitwa Patrick Verona. Miezi miwili kabla, She's All That ilikuwa imefanya vivyo hivyo na Pygmalion ya George Bernard Shaw, na mwaka 2006 ikafuata She's the Man, iliyotokana na Twelfth Night ya Shakespeare. Wapo wanaoziona filamu hizi kuwa ushahidi kwamba biashara imeidhalilisha fasihi. Makala haya yanashika upande mwingine: futuhi ya jukwaani ilizaliwa kwa kugeuzwa na imeishi kwa kugeuzwa, na katika maisha ya leo ni vigumu kupata mahali panapoifaa kuliko sekondari.

Tuanze na nasaba yenyewe. Katika The Taming of the Shrew kijana Lucentio anampenda Bianca, lakini baba yake binti huyo amewafungia wachumba mlango. Lucentio anabadilishana nafasi na mtumishi wake, kisha anaingia ndani kwa jina la uongo, akijifanya mwalimu. Hila hiyo Shakespeare hakuibuni. Aliipata katika Supposes, tamthilia ya George Gascoigne iliyochezwa mwaka 1566 kwenye chuo cha wanasheria cha Gray's Inn, London. Gascoigne naye alikuwa amefasiri I Suppositi ya Mwitaliano Ludovico Ariosto, iliyochezwa Ferrara mwaka 1509, na Ariosto alikiri mbele ya hadhira yake kwamba amechota kwa Plautus na Terence wa Roma. Terence, ambaye masimulizi ya kale yanasema alizaliwa Carthage, Afrika Kaskazini, na kufikishwa Roma akiwa mtumwa, alipotoa Eunuchus mwaka 161 kabla ya Kristo alishutumiwa kwa wizi, akajitetea kwamba alichota kwa Mgiriki Menander. Basi Cameron wa filamu ya 1999, anayejitolea kumfundisha Bianca Kifaransa asichokijua, anacheza hila iliyopita mikono mingi kwa zaidi ya miaka 2,100. Na kila mkono uliigusa. Kwa Terence, kijana aliyejigeuza anambaka binti, na jambo linasawazishwa kwa ndoa. Kwa Ariosto, wapenzi wawili wamekuwa wakikutana kwa siri kwa hiari yao. Kwa Shakespeare, hila inaishia kwenye masomo na ndoa ya kutoroka, na katika filamu ni kijana anayejifunza usiku ili asubuhi awe na la kufundisha. Umbo la hila limebaki lile lile, ila kipimo cha lililo halali kimebadilika kila ilipovuka.

Mabadiliko hayo hayakungoja sinema. Tamthilia ya Shakespeare inamalizika kwa hotuba ndefu ya Katherina, dada yake Bianca, aliyenyimwa chakula na usingizi na mumewe Petruchio mpaka akatii, akiwaasa wanawake wenzake wajinyenyekeze kwa waume zao. Karibu na mwaka 1611, Shakespeare akiwa hai, John Fletcher, aliyekuja kushirikiana naye na kisha kurithi nafasi yake katika kundi la waigizaji wa Mfalme, aliandika The Woman's Prize. Humo Katherina ameshafariki, Petruchio ameoa mke wa pili aitwaye Maria, na Maria anajifungia chumbani usiku wa harusi mpaka bwana huyo naye afundwe. Mwezi Novemba 1633 tamthilia zote mbili zilichezwa mbele ya Mfalme Charles I na malkia wake, siku mbili tu zikiwa kati yake. Afisa msimamizi wa michezo, Henry Herbert, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ile ya Shakespeare ilipendwa, na jibu la Fletcher likapendwa zaidi. Mwaka 1754 David Garrick aliikata tamthilia ya Shakespeare ikawa fupi, na ufupisho wake ndio ulioshika majukwaa kwa takriban karne nzima. Mwaka 1929, katika filamu ya kwanza yenye sauti iliyotokana na tamthilia hiyo, Mary Pickford aliisema hotuba ya utiifu kisha akakonyeza jicho, watazamaji wajue kwamba mke hajashindwa. Anayesema kwamba filamu za vijana zimeinajisi asili hana budi kueleza ni asili ipi, maana tangu mwanzo hadhira zimekuwa zikiipokea futuhi hii pamoja na hoja za kuipinga.

Lakini kwa nini sekondari? Jibu limo katika muundo wa futuhi yenyewe. Futuhi ya mapenzi huhitaji kizuizi, na kizuizi hicho mara nyingi ni mzazi mwenye amri juu ya ndoa. Katika A Midsummer Night's Dream, baba anadai sheria ya Athens imuue binti yake asipoolewa na aliyechaguliwa. Wasomaji wa Kiswahili wanakikumbuka kizuizi cha aina hiyo kutoka Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, katika tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969: Portia hawezi kujichagulia mume, kwa kuwa marehemu baba yake ameacha masharti ya masanduku matatu. Sasa mchukue Mmarekani wa miaka 30, mwenye kazi, nyumba na gari lake. Sheria haimtaki aombe ruhusa ya mtu, na baba akikataa, harusi itafungwa bila yeye. Futuhi ikihamishiwa kwa mtu wa namna hiyo inakosa pa kushikia. Kijana wa miaka 16 yuko katika hali nyingine kabisa. Anakaa nyumba ya wazazi, anatumia fedha zao, na ana saa ya kurudi. Shuleni anaishi katika jamii ndogo iliyofungwa, yenye vyeo vinavyojulikana na kila mmoja, ambamo uvumi hufika kila pembe kabla ya mchana na dansi ya mwisho wa mwaka ina uzito wa karamu ya ikulu. Ndiyo hali ya Padua na Athens za jukwaani, na mtazamaji haambiwi aiamini, kwa kuwa ameiishi.

Waandishi wa 10 Things I Hate About You walilielewa hili vizuri. Baba wa filamu ni daktari wa uzazi, anayewapokea wasichana wajawazito kila siku kazini, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya awakataze binti zake kutoka na wavulana, hadi kumvisha Bianca tumbo la bandia ili ajue uzito wa mimba. Baadaye analegeza sharti: Bianca atatoka siku dada yake Kat atakapotoka. Kwa njia hiyo amri ya baba wa karne ya 16 imepata sababu ambayo mzazi wa leo anaitambua. Fedha anayolipwa Patrick ili amtoe Kat nayo haikuzuliwa na Hollywood, kwani hata kwa Shakespeare wachumba wa Bianca wanakubaliana kumgharimia Petruchio. Badiliko kubwa lipo mwishoni. Mahali pa hotuba ya utiifu, mwalimu wa Kiingereza anawaagiza wanafunzi waandike shairi lao kwa kufuata soneti ya Shakespeare, na Kat anasoma lake mbele ya darasa huku machozi yakimtoka, akikiri upendo bila kusalimisha hata chembe ya utu wake. Kisha anakwenda chuo alichokitaka mwenyewe, kwa ridhaa ya baba. Hapo filamu inasimama upande wa Fletcher, nayo ina haki ya kusimama huko.

She's the Man inathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Twelfth Night, ambayo kumbukumbu ya kwanza ya kuchezwa kwake imo katika shajara ya mwanasheria John Manningham, Februari 1602, inamhusu Viola, aliyeokoka kwenye ajali ya meli na kuvaa mavazi ya kiume katika nchi ya ugeni. Manningham mwenyewe aliona mara moja kwamba inafanana na Menaechmi ya Plautus. Katika filamu hakuna meli iliyozama. Timu ya soka ya wasichana imevunjwa, na kocha wa wavulana hataki Viola ajaribiwe, kwa hiyo anaingia shule ya Illyria kwa jina la pacha wake Sebastian. Filamu hii ina mizaha mingi ya kupita, lakini imekitafuta kizuizi cha kweli, kwamba msichana mwenye kipaji ananyimwa uwanja, na kikapatikana mahali ambapo wasichana wa leo hukutana nacho.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni lugha. Shakespeare bila ushairi wake, wasemavyo, ni visa ambavyo wengi wangeweza kuvisimulia. Hasara hiyo ni ya kweli, wala si haki kuificha. Hata hivyo, filamu haikuteketeza kitabu: ushairi ungali umechapishwa na ungali unachezwa. Isitoshe, kuacha lugha ya asili si sharti la lazima. Mwaka 2004 Abdellatif Kechiche alitoa nchini Ufaransa filamu L'Esquive, kuhusu vijana wa mtaa wa kimaskini wa Saint-Denis wanaofanya mazoezi ya Le Jeu de l'amour et du hasard, futuhi ya Marivaux ya mwaka 1730, ambamo mabwana na watumishi hubadilishana mavazi. Sentensi za Marivaux zimebaki kama zilivyo, zikipakana na lugha ya mtaani ya vijana hao, na mwalimu anawaeleza kwamba hata katika mavazi ya kuazima tajiri humpenda tajiri mwenzake. Krimo, kijana mkimya, anainunua nafasi ya kuigiza kwa zawadi ili awe karibu na Lydia, lakini maneno ya jukwaani hayamtoki. Polisi wanapowasimamisha na kuwapekua kwa ukali, somo la mwalimu kuhusu tabaka linakuwa jambo linalowapata wenyewe. Mwaka 2005 filamu hiyo ilipata tuzo ya César ya filamu bora.

Pingamizi la pili ni fedha. Ni kweli kwamba Clueless ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya ya Jane Austen, iliwaonyesha watayarishaji kwamba vijana watanunua tiketi, na kwamba Shakespeare hadai malipo ya hakimiliki. Lakini Shakespeare alikuwa mwenye hisa katika kundi lake na katika jumba la Globe lililofunguliwa mwaka 1599, na kwa mapato ya jukwaa alinunua nyumba kubwa kwao Stratford. Nia ya faida haimwambii mtazamaji lolote kuhusu ubora wa kazi iliyo mbele yake.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolikubali kwa sehemu: kwamba kugeuza mara nyingi ni kulainisha. Pygmalion, iliyochezwa London mwaka 1914, inauliza swali zito. Profesa Higgins anamfunza Eliza, muuza maua, kusema kama watu wa tabaka la juu kwa ajili ya kushinda dau; je, baada ya hapo binti huyo ataishi wapi, na kama nani? Shaw alikataa kuwaunganisha, na mwaka 1916 aliongeza maelezo marefu kusisitiza kwamba Eliza ataolewa na mtu mwingine. She's All That ilichukua dau ikaliacha swali. Laney anavuliwa miwani, anatengenezwa nywele, anampata kijana aliyemwekea dau, na tabaka linatoweka kana kwamba halikuwahi kumzuia mtu. Kosa la filamu hiyo ni kukiondoa kizuizi na kubakiza kisa, wala halitokani na kuipeleka hadithi sekondari.

Basi kipimo cha haki ni hiki. Filamu ya vijana iliyotokana na futuhi ya kale isihukumiwe kwa idadi ya majina au mistari iliyobakiza, bali kwa ugomvi uliomo: nani ana amri, nani ananyimwa, na kwa hila gani mnyonge anaipata haki yake. Ikiutafutia ugomvi huo mahali pa kweli katika maisha ya vijana wa leo, imefanya kazi ile ile ya Terence, Ariosto na Shakespeare. Ikiukwepa, ukubwa wa jina la mwandishi wa kale hautaisaidia.