Ziwa Lisilokaa: Nchi na Watu wa Bahi katika Historia ya Ugogo

Katika ramani nyingi za nchi yetu, magharibi ya Dodoma, limechorwa doa la buluu kando ya reli ya kati. Baadhi ya ramani huliita Ziwa Sulunga, baadhi huandika Mbuga ya Bahi, na nyingine hulizungushia vistari vilivyokatika, alama ambayo wachora ramani huitumia kwa maji wasiyoyaamini. Hawakukosea. Mgeni anayelitafuta ziwa hilo mwezi wa Oktoba, baada ya mvua haba, hukuta uwanda mpana wa udongo uliopasuka, chumvi nyeupe juu yake, na njia za ng'ombe zikipita pale ramani inaposema pana maji. Akirudi mwezi wa Aprili katika mwaka wa mvua njema, papo hapo atakuta mitumbwi na watu wakitega nyavu.

Katika makala hii nakusudia kueleza kwa kifupi nchi hiyo, watu wake na mambo yaliyowapata, kwa maana historia ya Ugogo imezoeleka kuandikwa kwa sentensi moja: ni nchi ya njaa kwa kuwa ni nchi kavu. Sentensi hiyo tumeisikia madarasani, tumeirudia mimbarani kila tulipochanga mahindi ya msaada, na watu wa mijini wameigeuza kuwa mzaha juu ya Mgogo ombaomba. Ukame upo, na hakuna aliyeishi Dodoma atakayeukana. Lakini ukame peke yake hauelezi kwa nini katika mwaka mmoja mkavu watu walikufa kwa maelfu, na katika mwaka mwingine mkavu vile vile wakapita salama.

Nchi yenyewe

Bahi iko katika tawi la Bonde la Ufa, yapata kilometa 60 kutoka mjini Dodoma. Upande wa magharibi ardhi huinuka ghafula mfano wa ukuta, na juu ya ukuta huo ndipo ilipo Kilimatinde. Msafiri wa reli ya zamani hupatambua pale garimoshi linapopunguza mwendo kuupanda mlima kuelekea Saranda. Chini ya ukuta ni uwanda wa mibuyu, miiba na udongo mzito. Mvua ya huko ni kiasi cha milimeta 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingine kwa siku chache za gharika zinazofuatwa na majuma ya jua kali wakati uwele ungali mchanga.

Maji ya ziwa, hata hivyo, hutoka mbali zaidi. Mto Bubu huanzia katika milima ya Kondoa, hupita Chemba, na kuishia Bahi. Haufiki baharini. Maji yake hutanda juu ya uwanda, yakawa ziwa la kina kifupi, kisha jua likayanywa na kuacha chumvi juu ya udongo.

Msomaji na alishike jambo hili, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Mvua inayolijaza ziwa la Bahi ni mvua ya Kondoa. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtama wa mtu wa Bahi ukanyauka kwa kukosa mvua ya kwao, na papo hapo mto ukamletea maji yaliyonyesha kwa watu wengine. Mwaka kama huo alikuwa na pa kukimbilia: malisho mabichi kandokando ya maji, mpunga kwa wale waliojifunza kuulima katika udongo uliofurika, perege na kambale. Kambale ni samaki wa namna ya pekee. Maji yanapopungua hujizika matopeni akangoja. Na maji yalipokauka kabisa ilibaki chumvi. Wagogo waliukwangua udongo ule, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha hata ikabaki chumvi ya kula na ya kuuza. Chumvi ya Ugogo ilijulikana hata Unyamwezi kabla ya Mzungu yeyote kuitia nchi hii katika kitabu.

Watu

Wagogo hawakutoka mahali pamoja. Koo zao husimulia asili mbalimbali: Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Jina lenyewe, kwa simulizi iliyoenea, walipewa na wapita njia Wanyamwezi kwa sababu ya gogo la mti. Mathias Mnyampala, mshairi na mwana wa nchi hiyo, alikusanya habari nyingi za koo hizo katika kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954, na mpaka leo mchungaji anayepangiwa kazi Ugogo angefanya vema kukitafuta kabla hajahubiri juu ya mila za watu wasiomfahamu.

Walijenga tembe, nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo. Walilima mtama na uwele, wakakausha mlenda kwa ajili ya miezi mibaya. Mali yao ilikuwa ng'ombe, lakini mgeni aliyehesabu ng'ombe zizini hakujua utajiri wa mwenye zizi, kwa sababu mifugo iligawanywa kwa ndugu, wakwe na marafiki katika vijiji vya mbali. Mvua ikikosekana hapa, ng'ombe wa kule walipona. Vivyo hivyo chakula kilipokwisha, watu walikwenda kuhemea. Neno hili lafaa kufafanuliwa kwa wanafunzi wanaotoka nchi za migomba. Kuhemea ni kwenda kwa mwenye chakula, ndugu au mtu mliyepeana naye ng'ombe, ukafanya kazi au ukabadilisha kitu, ukarudi na mzigo kichwani. Mwaka mwingine ni yeye atakayekuja kwako. Kumwita mtu huyo ombaomba ni kutoelewa daftari lake la hesabu.

Misafara na maji ya kuuza

Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871 kwa vituo vya Mvumi, Bihawana na Mukondoku, chini ya ule ukuta wa bonde. Vitabu vyao vimejaa manung'uniko juu ya hongo waliyotozwa na watemi, vitambaa kwa vitambaa. Inafaa kuyasoma manung'uniko hayo kwa jicho la mwenye nchi. Msafara wa watu mamia kadhaa ulikuwa umetoka kuvuka nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake maana yake ni maji machungu. Mbele yake, juu ya ukuta, ilikuwa nyika nyingine ya Mgunda Mkali. Kati ya nyika hizo mbili palikuwa na Wagogo wenye visima na nafaka. Watu wale walikula chakula cha nchi isiyokuwa na akiba kubwa, na wenye nchi wakadai malipo. Wakati huo Mgogo hakuomba, aliuza.

Hali hiyo ilivunjika upesi. Mwaka 1890 Carl Peters alipita Ugogo akichoma vijiji na kuteka ng'ombe. Katika miaka hiyo hiyo sotoka iliua mifugo Afrika Mashariki nzima. Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, kisha wakaleta reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ikakata uwanda wa Bahi, na pamoja nayo ikafa biashara ya hongo na ya kuwalisha wapagazi. Nafaka ya Ugogo sasa iliweza kuchukuliwa mbali kwa siku moja, na kwa kweli ndivyo ilivyotokea vita vilipokuja.

Mtunya

Hapa naomba tukae kidogo. Vita Kuu ilipoingia katikati ya nchi, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu chini ya van Deventer yakaingia Dodoma na Kilimatinde. Nayo yakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Kwa makadirio ya serikali ya Kiingereza, kati ya watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa kama 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Homa kuu ya mafua ya 1918 ilikuta miili iliyokwisha dhoofu.

Ukame ulikuwapo, nimekwisha kusema. Lakini ukame ulikuta maghala yaliyokwisha kufagiliwa. Ndugu wa kijiji cha mbali hakuwa na cha kumpa aliyekuja kuhemea, kwa maana askari walikuwa wamefika kwake pia. Na vijana ambao wangekwenda kuchimba chumvi, kuvua au kupeleka mifugo kwenye malisho ya mbali walikuwa Rufiji au kusini zaidi, wakibeba risasi, na wengi hawakurudi. Ziwa lilikuwa pale pale. Waliokosekana ni wale waliojua kulitumia, na ng'ombe wa kulinyea.

Kanisa lilikuwapo Ugogo wakati huo. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa tangu 1876, na kituo cha Mvumi kikaanzishwa 1900. Vita vilipoanza, wamisionari hao pamoja na walimu Waafrika waliofanya kazi nao walikamatwa kwa tuhuma za upelelezi. Walimu waliteswa vibaya. Wafungwa wa Tabora walifunguliwa Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Kati ya makasisi wa kwanza wa Kigogo wa miaka iliyofuata alikuwamo Andrea Mwaka, ambaye shule moja mjini Dodoma ina jina lake.

Sisi Walutheri tuliopokea Injili kwa mikono ya Wajerumani tuna namna yetu ya kusimulia vita hivyo. Katika masimulizi yetu sura hiyo huhusu wamisionari waliofukuzwa na sharika zilizobaki yatima mwaka 1920, na walimu wenyeji waliozichunga kwa uaminifu. Ni sura ya kweli nayo ina haki ya kuandikwa. Lakini nimesoma insha nyingi za wanafunzi juu ya kipindi hicho, na Mtunya sijauona ndani yake, kana kwamba watu 30,000 waliokufa kando ya reli ile ile si sehemu ya historia ya Kanisa kwa kuwa hawakuwa washarika wa mtu. Mnyampala, ambaye angekuja kuwaandikia watu wake historia, alizaliwa katika njaa hiyo, mwaka 1917.

Kutoka vijiji hadi makao makuu

Miaka ya Waingereza naipita upesi; njaa ziliendelea kurudi, na serikali ikaendelea kuleta nafaka na kutoa lawama. Badiliko kubwa zaidi lilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu waliondolewa katika tembe zilizotawanyika wakakusanywa katika vijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wananchi. Shule na zahanati zilikaribia watu, jambo ambalo asiyetembea kilometa 20 na mtoto mgonjwa asilidharau. Kwa upande mwingine, mashamba yaliyozunguka vijiji yalichoka, malisho ya karibu yakaliwa hadi mizizi, na ule utaratibu wa kale wa kutawanya watu na ng'ombe ili balaa isiwakute wote mahali pamoja ukapata pigo.

Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Kwa muda mrefu uamuzi huo haukuugusa uwanda wa Bahi. Bahi ikawa wilaya kamili mwaka 2007, na sensa ya 2012 ilihesabu humo watu zaidi ya 220,000. Mashamba ya mpunga ya Bahi Sokoni, yanayonyweshwa kwa maji ya Bubu, yalikuwa yamekwisha kuwa tegemeo la nyumba nyingi, na gunia la mchele wa Bahi likawa kitu cha kawaida katika soko la Dodoma. Walaji wachache wanajua kwamba wanakula mvua ya Kondoa.

Serikali ilipohamia kweli kweli, kuanzia 2016, mji ulikua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu katika Manispaa ya Dodoma watu 410,956. Ile ya 2022 ilihesabu, katika lililokuwa limekwisha kuwa Jiji, watu 765,179. Jiji hilo hunywa hasa maji ya visima vya Mzakwe, kaskazini ya mji, si mbali na Msalato. Visima hivyo havitoshi. Kwa hiyo upo mpango wa miaka mingi wa kujenga bwawa kubwa Farkwa, wilayani Chemba, na mto utakaozuiwa hapo ni Bubu.

Haja ya jiji ni ya haki. Wanafunzi wetu pia hupanga foleni na ndoo. Lakini Farkwa iko juu na Bahi iko chini, na kila kinachowekwa akiba juu hakifiki chini kwa majira yake. Katika mpango huo Bahi nayo imetajwa miongoni mwa mahali patakapopewa maji ya bomba. Mkulima wa mpunga wa Bahi Sokoni atafungua bomba uani. Shamba lake, malisho ya jirani yake mfugaji na matope ya kambale vimekuwa vikingoja gharika ya Machi.